Mkasi Kabla ya Sindano

Jumanne, tarehe kumi na moja Novemba, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka kwa siku ya nne mfululizo, manyunyu yale yasiyoshibisha ardhi wala kumwacha mtu mkavu. Katika chumba cha mazoezi, ghorofa ya pili ya chuo cha filamu, kadi ishirini na mbili zilikuwa zimening'inizwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyotoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlangoni. Chini ya kamba hiyo alisimama kijana ambaye darasa zima lilimwita Kiranja, mikono nyuma, shati limechomekwa, viatu vimepigwa rangi ingawa vilikuwa vimeloa. Alizihesabu kadi kwa macho kwa mara ya sita, kama mtu anayehesabu wanafunzi wa bweni siku ya kufunga shule.

Jina hilo hakujipa. Alikuwa kiranja mkuu katika shule ya bweni, na ingawa miaka saba ilikuwa imepita tangu airudishe beji ya shule, bado alitembea kama aliyeivaa. Kila asubuhi alikunja blanketi lake pembe kwa pembe. Hakuchelewa, hakudanganya, na waliochelewa na kudanganya aliwaweka moyoni hata pale ambapo hakuwasema.

"Kaa, Kiranja," alisema Mama Saa. "Kadi hazitoroki."

Mama Saa alikuwa mratibu wa kundi lao, mama wa watoto wawili aliyechukua likizo ya mwaka mmoja kutoka kazini posta ili asome. Alivaa saa ya kiume iliyoning'inia mkononi kama bangili, na hakuna aliyewahi kumwona akikosea muda. Mtu wa tatu katika kundi, Sikio, alikuwa amelala juu ya viti vitatu, koti usoni. Huyo alikuwa bwana mnene, mtu wa kurekodi sauti, aliyeacha kazi ya redio kwa sababu, kama alivyopenda kueleza, redioni watu hawanyamazi.

"Mimi silali," alisema Sikio chini ya koti. "Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Uchovu wenu. Una mwangwi."

Walikuwa wamechoka kweli. Kwa wiki saba walikuwa wakipanga dakika mbili tu, dakika mbili za ufunguzi wa filamu ambayo huenda isingepigwa kamwe. Ndiyo kazi ya mwisho ya mwaka: kila kundi lichague hadithi ya kutisha ya watoto, lipange ufunguzi wake picha kwa picha, kisha liupige. Lakini stoo ya vifaa ilikuwa na kamera moja tu kubwa, ile iwezayo kuona gizani, na kundi la kwanza kwenye orodha ambalo fomu na mpango wake vingekuwa vimesainiwa na Mwalimu kufikia Ijumaa saa sita mchana ndilo lingeichukua kwa wiki nzima. Wengine wangegombania kamera ndogo zilizobaki. Mwaka uliopita Kiranja alipiga ufunguzi wake kwa kamera ndogo, chumbani penye giza, na mtahini mmoja aliuliza kwa upole kama kifuniko cha lenzi kilikuwa kimeondolewa. Alishindwa. Hii ilikuwa nafasi ya pili, na chuo hakikutoa ya tatu.

Na hadithi waliyoichagua ilikuwa ya vivuli. Mama mmoja, fundi wa kushona, alikuwa na watoto wawili na kitambaa cha mtoto mmoja. Baridi ilipokaribia na mdogo akatakiwa kusafiri mbali, mama alikikata kivuli cha mkubwa, akakitia ndani ya koti la mdogo kama bitana. Mdogo akaondoka, akatembea juani akiwa na vivuli viwili, watu wakamstaajabia na kumwita mwenye bahati. Mkubwa akabaki nyumbani bila kivuli. Alifagia, alichota maji, alipika, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyemwona.

Kiranja aliisikia hadithi hiyo utotoni kutoka kwa dada yake, wiki ile ya kwenda bweni kwa mara ya kwanza. Mwezi wa Septemba, alipoijaza fomu, alifika penye mstari ulioandikwa "Chanzo cha hadithi", akafikiri kwa muda usiofika dakika moja, akaandika: "Kisa cha kubuni, cha mwongozaji." Mwongozaji alikuwa yeye. Hadithi isiyo na kitabu, alijiambia, haina mwenyewe; ni ya anayeiokota. Hakulifikiria tena jambo hilo.

Saa tatu kamili Mwalimu aliingia, mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Sikio alikaa. Mwalimu aliifuata kamba polepole kutoka dirishani hadi msumarini, kisha akarudi mpaka kadi ya kwanza.

"Michoro mizuri," alisema. "Hii ya sindano inayopenya kitambaa, nzuri sana. Hii ya pili nzuri. Hii ya uzi, nzuri."

"Ahsante, Mwalimu."

"Sijaogopa."

Maji yalidondoka kutoka kwenye bomba la paa.

"Hadithi ni ya kutisha," Mwalimu aliendelea. "Niliposoma muhtasari wenu niliuweka chini nikaenda kuwasha taa. Hapa naona tangazo la viwanda vya nguo. Kadi sita za mwanzo mzitazame upya. Nikiogopa kabla ya Ijumaa saa sita, nitasaini." Aliifungua fomu yao. "Kisa ni chako mwenyewe?"

"Ni changu, Mwalimu."

Alijibu upesi, kama alivyozoea kuitika jina lake kwenye gwaride. Mwalimu aliandika kitu kidogo pembeni, akatoka.

"Tangazo la viwanda vya nguo," alisema Sikio, akajilaza tena. "Nimewahi kutukanwa vizuri, lakini si hivi."

Siku ya pili yake, saa nane mchana, walikwenda kwa Dada, dada yake Kiranja, fundi wa kushona.

Walikuwa wameomba kupiga picha katika chumba chake cha kazi, nao walitaka kukipima. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ofisi: dirisha moja refu, meza ya kukatia yenye makovu ya miaka mingi, cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya kukanyaga, rafu ya uzi, pasi iliyokuwa ikipumua mvuke. Sakafuni na juu ya viti zilitandazwa sare za wauguzi, bluu na nyeupe. Dada alikuwa na pini tatu mdomoni na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa mkubwa kwa Kiranja kwa miaka mitano, lakini ukimtazama mgongo ungemwongezea kumi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba." Alizitoa pini. "Karibuni. Msikanyage hizo bluu. Nyeupe pia msizikanyage, lakini bluu ndizo zenye haraka, zinatoka Ijumaa mchana. Umekonda, mdogo wangu. Chuoni kwenu hawali?"

"Wanakula, Dada. Mimi ndiye nakosa nafasi."

"Nafasi ya kula haigawiwi. Unaichukua."

Sikio alisimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja kubwa, akainamisha kichwa.

"Huyu anampongeza nani?" Dada aliuliza.

"Anapima jinsi chumba kinavyorudisha sauti," alieleza Mama Saa.

"Kimefaulu?"

"Kimefaulu, dada yangu," alisema Sikio. "Nguo zinameza mwangwi wote. Ningekuwa na pesa ningehamia hapa."

Waliomba ruhusa ya kupanga kadi juu ya meza ya kukatia. Kiranja alizipanga kwa mistari minne, akaanza kueleza kwa sauti yake ya ukaguzi: kadi ya kwanza maandishi, ya pili sindano kwa karibu, ya tatu sindano kwa karibu zaidi. Dada alimwacha aseme mpaka kadi ya kumi. Kisha alinyoosha kidole chenye kofia ya chuma ya kushonea.

"Nani amechora?"

"Mimi."

"Unachora vizuri. Lakini huyu mama hajui kazi."

"Kwa nini?"

"Sindano, sindano, sindano. Hapa sindano mpaka naiona kutu. Mkasi uko wapi? Huu hapa, kadi ya nane. Fundi gani anashona asichokikata?"

Sikio alicheka. Mama Saa aliitazama kadi ya nane, akamtazama Kiranja, na usoni pake ilipita ile sura ya mtu anayegundua kwamba amevaa nguo kinyume tangu asubuhi. Wiki saba, watu watatu, na hakuna aliyeona.

"Sindano inapendeza zaidi kwenye picha," alisema Kiranja. "Inang'aa."

"Inapendeza, sikatai. Lakini sindano inaunga. Anayeogopa sindano ni mtoto anayepelekwa chanjo. Mshono ukikosea unaufumua. Ukikata umekata." Alisukuma kadi nne za sindano pembeni kama mtu anayesukuma makombo. "Na hata kabla ya mkasi kuna kupima. Hamkumpima mtoto."

"Mtoto hayumo kwenye ufunguzi. Hatuonyeshi mtoto mpaka dakika ya pili."

"Ndiyo maana."

Aliivua futi shingoni. Alipiga magoti mbele ya nafasi tupu kati ya meza na dirisha, akapitisha futi pale ambapo bega la mtoto lingekuwa, akaivuta taratibu, akasoma. Aliinuka nusu, akaandika tarakimu kwa chaki ukingoni mwa meza. Akarudi. Kifua. Alizungusha futi hewani na kuikutanisha kwa vidole viwili, akailegeza kidogo, kwa adabu, kama fundi anayemwachia mtoto nafasi ya kupumua. Kiuno. Mguu. Alikishika kidevu kisichokuwepo akakigeuza kando, kwa sababu mtoto huyo, ilionekana wazi, hakuwa ametulia. Nje kulikuwa mchana mweupe, mwanga wa mvua umejaa chumbani, hapakuwa na kivuli hata kimoja, na Mama Saa alijikuta amejivuta nyuma hatua mbili akakanyaga sare ya bluu.

"Samahani," alinong'ona.

"Itapigwa pasi," alisema Dada, akainuka akishika kiuno chake. "Hapo ndipo anapochukua mkasi. Sasa mtazamaji anajiuliza anamkatia nani."

Kisha Sikio alisema anakwenda kurekodi maji yanayodondoka kwenye mfereji wa nyuma, na Mama Saa akasema anakwenda kupima mwanga wa uani, na wote wawili wakatoka haraka kuliko kazi hizo zilivyohitaji.

Kiranja alibaki akizitazama tarakimu za chaki. Bega kumi na tatu na nusu. Kiuno ishirini na mbili. Kaptura kumi na nne.

Dada alikuwa ameishika kadi ya kwanza, ile ya maandishi. Aliisoma akiwa ameisogeza mbali na uso, kwani macho yake yalikuwa yameanza kufuata njia ya macho ya mama yao.

"Hapa umeandika jina lako."

"Ndiyo, Dada. Mimi ndiye mwongozaji."

"Umeliandika mara mbili. 'Hadithi', wewe. 'Mwongozo', wewe."

"Hadithi ni ile ya zamani. Ile uliyonisimulia."

"Naijua. Niliisimulia mimi."

"Nilidhani ni ya wazee. Kwamba bibi alimsimulia mama, mama akakusimulia wewe."

"Mama alikuwa na nafasi ya kusimulia hadithi?" Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Alichukua mkasi, akaanza kupunguza nyuzi kwenye kola ya muuguzi asiyemjua. "Wazee hawakuisimulia. Niliitunga."

"Lini?"

"Wiki ile uliyokuwa unakwenda bweni. Unaikumbuka kaptura yako ya kwanza?"

Aliikumbuka. Angewezaje kuisahau? Kidato cha kwanza, muhula wa kwanza, kabla hajawa Kiranja wala mtu yeyote, wavulana wa bweni walimwita Marinda, kwa sababu kaptura yake ilikuwa na mistari iliyosimama, iliyofifia lakini isiyofutika, mbele na nyuma, kana kwamba kitambaa kile kilikuwa kimekunjwa na kupigwa pasi mara elfu kabla ya kuwa kaptura. Aliisugua kwa sabuni, aliilaza chini ya godoro. Mistari haikuondoka. Alijiapiza kwamba siku moja shule ile itamwita kwa jina jingine, na jina hilo alilipata kwa jasho, na hakuwahi kujiuliza mistari ile ilitoka wapi.

"Sketi yako ilikuwa na marinda," alisema.

"Kumi na sita. Rangi ya shule zetu ilikuwa moja, na mama alikuwa na kitambaa cha kutosha mfuko tu. Sketi aliikata yeye. Mimi nilikishika kitambaa kisicheze."

"Niliambiwa hukutaka kuendelea na shule."

"Uliambiwa hivyo ili uende." Aliupuliza uzi. "Ulikuwa hulali, unaogopa bweni, unataka hadithi. Nami nilikuwa na moja tu kichwani. Nikakupa hiyo. Ulilala, mimi sikulala."

Pasi ilipumua. Kiranja alitafuta la kusema, akakuta kwamba katika miaka yote ya kuhutubia wanafunzi mia sita kila Jumatatu asubuhi hakuwahi kujifunza sentensi hiyo.

"Fomu inataka saini ya mwenye hadithi," alisema hatimaye. "Mbele ya Mwalimu. Ungeweza kufika Ijumaa asubuhi?"

"Ijumaa sare kumi na nane zinatoka saa sita, na saba bado hazina mikono. Sijakuomba saini, mdogo wangu. Nimeuliza tu."

Alhamisi asubuhi aliwakuta wenzake kwenye ngazi za chuo, chini ya kibaraza, Mama Saa akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Aliwaeleza yote akiwa amesimama. Aliwaeleza pia kanuni, ambayo alikuwa amekwenda kuisoma kwenye ubao wa matangazo neno kwa neno: hadithi ikiwa ni ya mtu mwingine aliye hai, mwenyewe afike asaini, jina lake litangulie la mwongozaji, na fomu iliyobadilishwa chanzo huhesabiwa kuwa fomu mpya, nayo hushuka mwisho wa orodha.

"Kwa hiyo kamera imekwenda," alisema Mama Saa.

"Nikibadilisha, imekwenda."

"Mbona unasema 'nikibadilisha'? Unatuuliza au unatuarifu?"

Kiranja alisogea kando kumpisha mwanafunzi aliyekuwa akipanda ngazi.

"Dada yako amelalamika?" Mama Saa aliendelea. "Amesema ondoa jina lako?"

"Hapana. Ameuliza tu."

"Basi tupige kwa kamera kubwa, tufaulu, halafu jina lake tulitangulize kwenye filamu yenyewe. Nani atajua?"

"Mimi."

"Ah." Aliimwaga chai iliyobaki. "Sikiliza, kaka. Mimi Jumatatu ya wiki ile baada ya ijayo narudi posta. Nina watoto wanaoniuliza kila siku nitamaliza lini shule, kana kwamba mimi ndiye mtoto. Ile fomu uliijaza peke yako, hukutuuliza. Sasa unataka tujute kwa pamoja."

Hilo lilimwingia. Alikuwa amezoea kuwaadhibu watu kwa makosa ya wengine, bweni zima kupiga magoti kwa sababu ya mmoja aliyepiga mluzi, na alikuwa amekiita kitendo hicho nidhamu. Hakuwahi kuwa yule aliyepiga mluzi.

"Ni kweli," alisema. "Nilikosea peke yangu. Nitamwambia Mwalimu hivyo, kwamba ninyi hamkujua. Lakini siwezi kuiacha ilivyo. Nimejaribu tangu jana. Siwezi."

Mama Saa aliitazama saa yake, ingawa hapakuwa na mahali pa kuwahi.

"Sikio, sema kitu."

"Mimi ni mtu wa sauti," alisema Sikio. "Picha ikiwa nyeusi kabisa, kazi yangu itasikika vizuri zaidi." Kisha, bila mzaha: "Ile ya jana nimeirekodi. Nilikuwa nimeacha mashine wazi mezani. Si maneno yenu, usinitazame hivyo, nilizima nilipotoka. Futi tu. Futi ikipita hewani. Nimeisikiliza asubuhi nikaruka kutoka kitandani. Huwezi kuiba kitu kama kile."

Mama Saa alikifunga kifuniko cha chupa, akakikaza kuliko ilivyohitajika.

"Nendeni mkachore hizo kadi sita," alisema. "Kama tunashuka mwisho wa orodha, tushuke na kadi nzuri."

Ijumaa saa tano na nusu Kiranja alibisha mlango wa Mwalimu. Wenzake walibaki kwenye korido. Aliziweka kadi mpya mezani: futi hewani, tarakimu za chaki, mkono uliokishika kidevu ambacho hakipo, mkasi, mkasi umefunguka, na ya sita, mlangoni, msichana amekishika kitambaa kwa mikono miwili kisicheze. Mwalimu alizitazama kwa muda mrefu. Alishusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile nyingine.

"Sasa nimeogopa," alisema. Akachukua kalamu.

"Mwalimu, usisaini."

Kalamu ilisimama.

"Nilikuambia kisa ni changu. Si changu. Ni cha dada yangu, ameitunga mwenyewe hadithi hii. Niliandika uongo kwenye fomu na Jumanne nikaurudia mbele yako. Wenzangu hawakujua lolote mpaka jana."

Mwalimu alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeleta mvua ndani ya nyumba.

"Unajua ni saa ngapi?"

"Saa tano na dakika thelathini na nne, Mwalimu."

"Ungeniambia saa saba ningekuwa nimeshasaini."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na dada yako yuko wapi?"

"Yuko kazini. Hawezi kufika leo."

Mwalimu aliivuta fomu karibu. Akapiga mstari mmoja juu ya "Kisa cha kubuni, cha mwongozaji", mstari ulionyooka, akaandika tarehe pembeni. Akatoa fomu tupu kwenye droo ya meza.

"Kamera kubwa itakwenda kwa kundi la pili. Ninyi mtapata ndogo, wiki ya mwisho, baada ya wote. Uongo nitauandika kwenye faili lako, kwa sababu ulisemwa. Na kwamba uliufuta mwenyewe nitauandika pia, kwa sababu ulifutwa. Akija asaini, hata Jumatatu, nitaipokea." Alizikusanya kadi sita, akamrudishia. "Hizi hazihitaji giza, umeona? Zote ni mchana. Zinazofuata sijui mtafanyaje."

"Hata sisi hatujui, Mwalimu."

Kwenye korido Mama Saa hakuuliza. Aliziona kadi, aliiona fomu tupu, akaanza kuandika kwenye daftari lake ratiba mpya ya kamera ndogo, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi, saa nne asubuhi, manyunyu yalikuwa bado. Dada alikuwa na kitambaa kipya mezani, kijivu, kimetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Sare za wauguzi zilikuwa zimeondoka na chumba kilionekana kikubwa na baridi.

Kiranja aliiweka fomu kando ya kitambaa, na juu yake kadi ya kwanza aliyoichora upya. Juu yalikuwa majina matatu ya Dada, kamili, kama yalivyokuwa kwenye cheti chake cha mwisho cha shule. Chini yake, kwa herufi ndogo, la kwake.

Dada aliisogeza kadi mbali na uso.

"Na kamera?"

"Imekwenda kwa wengine."

"Ukifeli?"

"Basi nimefeli. Hakuna nafasi ya tatu."

Hakumpa pole. Aliifuta mikono yake kwa aproni, akachukua kalamu, akasoma fomu yote tangu mstari wa juu kama asomavyo mtu aliyewahi kuwa wa kwanza darasani. Palipoandikwa "Chanzo cha hadithi" aliandika jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wa shule, uliolala kidogo kulia, ambao Kiranja hakuwa ameuona kwa miaka kumi na tatu.

"Jumatatu saa mbili nitafika nisaini mbele yake. Nitachelewa kufungua hapa, lakini nitafika."

"Dada," alisema Kiranja. Alikuwa ameipanga sentensi yake njiani, na sasa aliitoa kama alivyoipanga. "Ile sketi. Nataka kuilipa. Sijui kwa kitu gani, lakini nikimaliza, kama nikimaliza, kuna masomo ya watu wazima, saa za jioni, mimi nitakuja kukaa hapa ukiwa darasani."

Dada alizungusha kofia ya chuma kidoleni. Alimtazama kwa muda, mtu mzima wa miaka ishirini na tano aliyesimama mikono nyuma.

"Hadithi ulinichukulia wewe," alisema. "Umeirudisha. Hiyo umelipa, tumemalizana. Sketi hukuichukua wewe, ulivalishwa. Hiyo sikudai, na malipo yake sipokei, si leo wala ukimaliza. Usinirudie nayo."

"Ndiyo, Dada."

"Basi usisimame hapo kama unasubiri zamu. Shika ncha ya huko, kitambaa kisicheze."

Aliishika. Dada alichukua mkasi akaanza kukata.